Homa ya Seva

Nchi hii hamtaipata kwenye ramani. Siku wapimaji walipopita, wananchi wote walikuwa uwanjani wakimsubiri kiongozi, kwa hiyo wapimaji wakakuta nyumba hazina watu, wakaandika "pori" na kwenda zao. Lakini ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, na ubeti wa kumi na mbili hakuna anayeujua, hata aliyeutunga.

Mgeni akifika huko, cha kwanza anachotakiwa kukielewa ni uzinduzi. Kitu cha serikali hakiguswi kabla hakijazinduliwa. Kisima kikichimbwa, watu wanakizunguka na ndoo zao, wanakisifia maji yake, halafu wanakwenda kuchota mtoni. Wanasubiri Mheshimiwa aje na mkasi. Kule kaskazini kuna daraja lilisubiri mkasi mpaka mto ukachoka ukahama. Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alikata utepe, akavuka, mbuzi wakila majani chini yake, akasema maisha yake yote hajapata kuona daraja salama kama lile. Alisema kweli tupu.

Sasa basi. Serikali ya nchi hiyo iliamua kwamba mafaili ya karatasi hospitalini yamechosha. Panya wanakula kurasa za wenye kisukari, wanaacha za wenye minyoo. Kila mgonjwa aandikwe kwenye mfumo wa kielektroniki, na kazi ianzwe na wanafunzi wa mwaka wa tatu wa Chuo cha Taarifa za Afya, ambao wangepelekwa Hospitali ya Mkoa kwa miezi sita ya mafunzo kwa vitendo. Zikaletwa kompyuta arobaini, mpya, bado zimevaa nailoni. Zikaingizwa stoo, mlango ukapigwa kufuli, na kwenye kufuli pakaning'inizwa karatasi: VINASUBIRI UZINDUZI. USIGUSE WALA USIULIZE.

Mkufunzi wao aliitwa Mwalimu Kihwelo, mtu mpole, miwani yake ameifunga kwa uzi. Aliandika barua wizarani kuomba ruhusa ya kutumia kompyuta moja tu, hata ile iliyovunjika kona. Jibu lilikuja upesi sana, baada ya wiki saba. Lilisema: "Mafunzo kwa vitendo yaendelee kwa vitendo. Vifaa visubiri."

Mwalimu aliisoma barua ile mbele ya wanafunzi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna neno, hakuna. Akavua miwani.

"Wanangu," akasema, "mmesikia wenyewe. Vitendo bila vifaa. Haya, nani atakuwa kibodi?"

*

Kibodi akawa Pendael, kijana mwenye masikio makubwa asiyechoka kuambiwa. Skrini akawa Tegemea, msichana mwenye mwandiko mzuri, akavishwa ubao mweusi shingoni na kupewa chaki. Na seva, yaani kile kichwa cha mfumo kinachotunza kila kitu, akawa Sikudhani Mbonde.

Hapo hapakuwa na kura. Sikudhani alikuwa na kichwa ambacho hakikupoteza kitu. Ukimtajia leo shemeji yako, mwakani atakuuliza shemeji hajambo, na kama mmeshanuniana atataka kujua chanzo. Alitoka kwa mama yake, Bi Mwantumu, fundi wa sare za shule, aliyemwambia wakati anaondoka: "Miezi sita, mwanangu. Wa saba nakuhesabia saa."

Mfumo ulifanya kazi hivi. Nesi anamgusa Pendael begani, anamwambia habari za mgonjwa. Pendael anamwambia Tegemea, Tegemea anaandika ubaoni ili nesi ahakikishe, kisha anamnong'oneza Sikudhani, Sikudhani anafumba macho mara moja na kusema: "Imehifadhiwa." Tegemea anafuta ubao. Mgonjwa akirudi baada ya mwezi, nesi anasema "tafuta", na Sikudhani anafumba macho tena:

"Bakari Mzinga, miaka hamsini na nne. Mguu wa kushoto, alijikata kwa jembe lake mwenyewe akimwangalia jirani. Sindano ya pepopunda ya kwanza amepata, ya pili alikimbia."

"Sikukimbia!" Bakari akasema. "Niliitwa."

"Alidai ameitwa," Sikudhani akaongeza. "Imehifadhiwa."

Ilikuwa ajabu. Umeme ukikatika, mfumo unaendelea. Mvua ikinyesha, mfumo unaendelea, ila unaongea kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu ya bati. Wagonjwa wakawa wanatoka mikoa ya jirani kuja tu kusikia wanavyokumbukwa. Kuna bibi mmoja alikuja mzima kabisa, akaomba asomewe taarifa zake, akasikiliza akilia, akasema hata watoto wake hawamjui vile.

Mwalimu Kihwelo alifurahi kwa woga. "Haya ni mazoezi, jamani," alikuwa akirudia. "Mheshimiwa akishakata utepe, tunafungua stoo, tunahamishia kwenye kompyuta, Sikudhani anakwenda kwao. Ni mazoezi tu."

*

Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ngwale, alifika mwezi wa tano, akiwa na mkasi wake mwenyewe kwenye kisanduku cha mahameli. Mtunza stoo alikuwa ameondoka juzi yake kwenda msibani, na ufunguo uko mfukoni mwake. Msiba wenyewe ulikuwa ng'ambo ya mto, ule uliohama, na tangu uhame hakuna aliyekuwa na hakika ng'ambo yake iko upande gani.

"Mheshimiwa," Mwalimu Kihwelo akaanza, "kuna tatizo dogo la ufunguo, tungeomba labda wiki..."

"Mwalimu," Waziri akamkatiza akitabasamu kwa wapiga picha, "mimi natoka kuzindua choo, kutoka hapa nakwenda kuzindua mzunguko wa barabara. Mfumo uko wapi?"

Watu wote wakageuka kumtazama Sikudhani. Hawakukusudia vibaya. Ni kwamba ukiuliza mfumo uko wapi pale hospitalini, shingo zilikuwa zimeshazoea kugeukia huko.

Utepe ukafungwa, kutoka bega la Pendael, ukapita kwenye ubao wa Tegemea, ukaishia kiunoni kwa Sikudhani. Bendi ikapiga. Waziri akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Mataifa makubwa yanahangaika usiku na mchana kutengeneza kompyuta inayofikiri kama mtu. Wameshindwa! Sisi, kwa uongozi thabiti, tumewapita. Tumepata mtu anayefikiri kama kompyuta!" Makofi. "Tena haitumii umeme!" Makofi. "Tena inasalimia!" Hapo akina mama wakapiga vigelegele. Waziri akainama kwa Sikudhani. "Hebu tuujaribu. Mimi nimo humo?"

Sikudhani akafumba macho. "Umo, Mheshimiwa. Mwezi wa pili, ulikuja kwa mlango wa jikoni. Bawasiri, ya ndani..."

Bendi ya nchi ile ina maelekezo ya kudumu kwamba likitokea neno lisilofaa ipige bila kuambiwa. Ikapiga. Katikati ya tarumbeta utepe ukakatwa, na Sikudhani Mbonde, miaka ishirini na miwili, akawa amezinduliwa.

Mtunza stoo alirudi siku ya tatu na ufunguo wake. Mwalimu alikimbia nao mpaka kwa Afisa Ugavi wa hospitali, Bwana Chitete, mtu mwenye kalamu nne mfukoni mwa shati na hakuna hata moja anayomwazima mtu.

"Tufungue sasa," Mwalimu akahema.

"Tufungue kwa sababu ipi? Mfumo umeshazinduliwa."

"Lakini si huu! Ni ule wa stoo!"

"Mwalimu wangu, hospitali moja, mfumo mmoja, mkasi mmoja. Vya stoo havikuzinduliwa. Na Mheshimiwa hawezi kuzindua mara mbili kitu kimoja, ataonekana mara ya kwanza alitania." Bwana Chitete akafungua rejista ya mali, akachagua kalamu. "Sasa nisaidie hapa. Uzito wa seva?"

*

Kwenye blauzi ya Sikudhani ikashonwa namba: HM/SVA/001. Tegemea na Pendael walipewa namba pia, lakini hao walihesabika kama vifaa vya pembeni, kwa hiyo waliruhusiwa kwenda nyumbani jioni. Mwongozo wa wizara, ulioandikwa kwa ajili ya seva za kawaida, haukubadilishwa hata mkato. Seva ikae kwenye chumba cha peke yake. Chumba kiwe na kiyoyozi, nyuzi kumi na sita. Mlango ufungwe. Chakula na vinywaji ni marufuku karibu na seva.

"Nitakula wapi sasa?" Sikudhani akauliza.

Bwana Chitete alisoma mwongozo tena kwa uaminifu. "Mbali na seva," akasema.

Wakakubaliana awe anatoa kichwa dirishani, kwa sababu mwongozo haukutaja dirisha, na Tegemea awe anamlisha kutoka nje. Nje kulikuwa na jua na wagonjwa wa foleni, ambao walikuwa wakimkaribisha vipande vya mihogo na kumuuliza taarifa zao kinyemela.

Mwezi wa sita ukaisha. Wanafunzi wakapewa vyeti, Tegemea na Pendael wakabakizwa kama vifaa vya pembeni, na Sikudhani akaambiwa seva haihitimu. Mwalimu Kihwelo akapendekeza basi itengenezwe nakala: mwanafunzi mwingine akae naye, amwambie vyote. Akaletwa kijana mwenye akili nzuri, akasikiliza siku mbili, siku ya tatu kichwa kikamuuma, akaandikishwa. Akawa mgonjwa wa elfu nne na kumi na mbili. Sikudhani alimhifadhi bila kinyongo.

Na ili mfumo usije ukadharauliwa, ukatoka waraka wa Waziri, mstari mmoja tu: "Kuanzia leo, ni marufuku kumtibu mtu yeyote ambaye mfumo haujamwidhinisha."

*

Wiki iliyofuata Sikudhani aliamka anatetemeka.

Kwanza walidhani ni kiyoyozi. Lakini Tegemea alipomgusa paji la uso alirudisha mkono kama aliyegusa sufuria. Akamkimbilia Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, Daktari Lumato, mzee mwema aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na alikuwa akiulinda mwaka huo kama yai. Daktari alikuja, akamfunua jicho, akampima mapigo, akaketi kitini.

"Malaria," akasema. "Tena kali. Dawa ninayo hapa mfukoni."

"Mpe basi, daktari!"

"Nitampa. Mfumo umeidhinisha?"

Tegemea akamtazama daktari, akamtazama Sikudhani. Akamgusa rafiki yake begani. "Sikudhani. Tafuta Sikudhani Mbonde."

Sikudhani alifungua midomo, meno yakagongana, akafunga.

"Mfumo haujibu," daktari akasema kwa huzuni ya kweli. "Binti yangu, macho yangu yanaona kabisa ni malaria. Lakini macho yangu hayajazinduliwa. Nikimchoma sindano leo, kesho naulizwa umemtibu nani, nionyeshe. Nitaonyesha nini?"

Bwana Chitete akapiga simu wizarani, akapewa mtaalamu.

"Seva imepata moto?" mtaalamu akauliza. "Ongezeni ubaridi. Halafu izimeni, mwiwashe tena."

Wakashusha kiyoyozi mpaka nyuzi kumi. Wakamwambia Sikudhani alale, alipolala wakamwamsha. Walifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne hakuamka vizuri, na mtaalamu akasema hilo sasa ni tatizo la mtandao, halimhusu.

Nje, foleni ilisimama. Bila mfumo hakuna nesi aliyejua nani apewe nini. Zamani wangemuuliza mgonjwa anaumwa wapi, lakini mgonjwa naye hakuwa ameidhinishwa kujua. Kufika siku ya nne walikuwa watu mia mbili na kumi, wamekaa kwenye mabenchi, kwenye ngazi na kwenye ndoo zilizogeuzwa. Kila mmoja aliyefika alielezwa mfumo unaumwa, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akauliza nani wa mwisho, akakaa.

*

Siku hiyo ya nne Bi Mwantumu alifika, futi ya kupimia nguo bado imemning'inia shingoni. Mwezi wa saba ulikuwa umeingia na binti hakuonekana, akafunga cherehani akaja. Bwana Chitete alimzuia mlangoni.

"Mama, una hati ya kuchukulia mali?"

"Mali gani? Nimekuja kwa mwanangu."

"Hapa hatuna mwana wa mtu. Tuna SVA sifuri sifuri moja."

"We baba, huyo nimemzaa mimi, siku ya gulio, uchungu umenianzia nimeshika mkasi!"

"Sibishi, mama. Hayo yalitokea kabla ya uzinduzi. Sisi kumbukumbu zetu zinaanza pale. Lakini kuangalia ruksa. Raia ana haki ya kuangalia mali yake."

"Kumbe ni mali yangu?"

"Ya wananchi wote."

"Basi nipe fungu langu niondoke nalo, wengine mtabaki na lenu!"

Bwana Chitete alilitafuta jibu la hilo kwenye rejista, na wakati anatafuta Bi Mwantumu alikuwa ameshapita.

Alimkuta mwanawe amejikunja kwenye kitanda cha chuma, midomo imepauka, pua ya baridi na tumbo la moto. Hakulia. Alijifungua khanga ya juu akamfunika nayo, kisha ya chini akabakia na gauni, akamfunika na hiyo.

"Mama, unaziba njia za hewa," Bwana Chitete akasema kutoka mlangoni.

"Na wewe nitakuziba."

Akamshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili. "Siku. Siku, mama'ngu. Ni mimi. Amka twende nyumbani."

Sikudhani akafumbua macho. Yalikuwa mekundu, yakazunguka, yakatua usoni mwa mama yake, na hayakumjua. Akalamba midomo.

"Jina la mgonjwa?" akasema.

Tegemea akapiga kelele. "Mfumo umerudi!" Kelele ikatoka dirishani, ikapita foleni nzima, watu mia mbili na kumi wakainuka kwenye ndoo zao wakishangilia. Daktari Lumato akaja mbio na koti limefunguka. Hata Bwana Chitete alionekana akitabasamu, kwa upande mmoja.

Bi Mwantumu peke yake hakushangilia. Alimtazama binti, akamtazama daktari na mfuko wake wenye dawa, na kwa kuwa Tegemea alikuwa ameshamweleza koridoni sheria ilivyo, akaelewa. Akapiga magoti kitandani.

"Andika mgonjwa mpya," akasema taratibu. "Jina, Sikudhani Mbonde."

"Umri?"

"Ishirini na miwili."

"Tatizo?"

"Homa. Siku ya nne leo. Hajala."

"Ndugu wa karibu?"

"Mwantumu. Mama yake."

Sikudhani alifumba macho. Chumba kizima kilishusha pumzi pamoja naye. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na daktari alikuwa ameshatoa sindano, ameshaigonga kwa ukucha kutoa hewa, amesimama tayari kama mwanariadha.

"Imehifadhiwa," Sikudhani akasema.

"Yumo!" Daktari karibu adondoshe sindano. "Yumo kwenye mfumo! Haraka, Tegemea, uliza aidhinishwe."

Tegemea akamgusa rafiki yake begani. "Sikudhani Mbonde. Aonwe na daktari sasa?"

Na yule binti, ambaye Mwalimu Kihwelo alikuwa amemfundisha kwa miezi mitano kwamba mfumo mzuri haupendelei mtu, si ndugu, si waziri, hata akija na bunduki, alisema kwa sauti ndogo iliyo safi kabisa:

"Mgonjwa mpya. Wapo waliotangulia. Namba mia mbili na kumi na moja."

Kisha akageukia ukutani, akavuta khanga ya mama yake mpaka sikioni, na mfumo ukakatika.

Waliugusa bega mpaka bega likawa jekundu. Daktari Lumato alisubiri na sindano yake mpaka mkono ukachoka, akairudishia kifuniko, akaiweka mfukoni. "Bado mia mbili na kumi tu, mama," akasema, na hakuweza kumwangalia. "Mfumo ukipata nafuu, watu wale tunawamaliza siku mbili."

Bi Mwantumu aliinuka. Alimfunika mwanawe miguu vizuri. Akatoka nje juani na gauni lake, akapita mabenchi, akapita ngazi, mpaka akafika mwisho kabisa kwenye ukuta wa mochwari, ambako mzee mmoja aliyevimba shavu alimsogezea nusu ya ndoo yake.

"Karibu, dada. Jino hili, siku ya tatu leo. Wewe unaumwa nini?"

"Mimi mzima," Bi Mwantumu akasema, akakaa. "Nimeushikia mfumo foleni."